GB za kadi ya grafiki si nguvu yake

Mtu akiomba ushauri kuhusu kadi ya grafiki ya bei nafuu ya kuhariria picha zake, jibu la kwanza analopewa karibu kila mara ni tarakimu: "Tafuta ya GB 4," au "GB 2 hazifai kitu." Wiki iliyopita nilisikia jibu hilo likitolewa tena kwa kijana aliyetaka tu kung'arisha picha za harusi ya dada yake zilizotoka na giza, na hakuna aliyemwuliza kompyuta yake ina nini ndani.

Kadi ya grafiki ni bamba linalochomekwa kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu wa saketi ndani ya kompyuta, lenye kazi ya kukokotoa kile kinachoonekana kwenye skrini. Juu yake pana chipu inayopiga hesabu, kumbukumbu ya kuwekea data ya hesabu hizo, saketi za umeme na, kwa kawaida, feni. Zile GB ni ukubwa wa kumbukumbu peke yake.

Kumbukumbu hiyo ni kama meza ya fundi cherehani. Ikiwa finyu mno, vitambaa vitaanguka na kazi itakwama. Lakini meza pana haimpi fundi mikono mingine. Mikono ni chipu. Tena kuna jambo la tatu ambalo wauzaji wengi hawalitaji kabisa, nalo ni kasi ya data kupita kati ya kumbukumbu na chipu. Chukua kadi ya GT 1030 ya kampuni ya Nvidia, ambayo ni miongoni mwa kadi za bei ya chini zinazojulikana sana. Ilitoka mwaka 2017 ikiwa na GB 2 za aina ya GDDR5, zinazopitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likatolewa toleo jingine lenye jina lilelile na GB 2 zilezile, ila kumbukumbu yake ni ya DDR4, nayo hupitisha takriban GB 17 tu kwa sekunde. Mnunuzi anayesoma GB peke yake hawezi kuzitofautisha kadi hizo mbili, ilhali moja ina karibu theluthi moja tu ya kasi ya mwenzake. Vivyo hivyo, zipo kadi za GT 730 zenye GB 4 za DDR3, na ipo GTX 1650 yenye GB 4 za GDDR5. Anayeziita zote "kadi ya GB 4" amezisawazisha kadi ambazo kasi zake hazikaribiani hata kidogo.

Mazoea ya kusoma kila namba kama kumbukumbu yangekwama tangu mwaka 1999, Nvidia ilipotoa GeForce 256, kadi ambayo kampuni hiyo iliitangaza kuwa na GPU, yaani chipu ya grafiki, ya kwanza duniani. Ile 256 haikuwa kumbukumbu hata kidogo. Kadi hiyo iliuzwa ikiwa na MB 32 au 64.

Sasa tuitazame picha yenyewe. Picha ya megapikseli 24, yenye rangi 3 kwa kila pikseli na baiti 2 kwa kila rangi, huchukua MB 144 inapofunguliwa. Kuikata, kuinyoosha au kuiongezea mwanga ni kazi ambayo prosesa (chipu kuu ya kompyuta) ya kawaida, RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta yenyewe) ya kutosha na diski ya SSD huimaliza bila shida, hata pale ambapo grafiki ni zile zilizomo ndani ya prosesa. Chipu ya grafiki yenye nguvu huanza kuhitajika kwa dhati unapotumia zana za akili mnemba, kama ile ya kuondoa chengachenga ambayo Lightroom, programu ya kuhariria picha, iliongezewa mwaka 2023.

Kuna mtego mwingine unaoniudhi zaidi. Kompyuta isiyo na kadi yoyote inaweza kuonyesha kwenye Windows kwamba ina GB 8 za grafiki, kwa sababu mfumo unahesabu pia sehemu ya RAM inayoweza kuazimwa, ambayo hufikia nusu ya RAM yote. Kompyuta ya yule kijana ndivyo ilivyokuwa: ina RAM ya GB 16, na yeye aliamini kwamba tayari anayo "kadi ya GB 8", ila ni mbovu.

Kwa hiyo ningeomba tuanze na jina kamili la kadi, tufuate na aina ya kumbukumbu yake, kisha ndipo tutaje GB. Yule kijana nilimwambia ahariri kwanza picha 10 kwa kompyuta aliyonayo, aangalie ni hatua gani inayomchelewesha, kabla hajatoa hela kwa ajili ya kadi yoyote.