Msamba ukichanika: kushonwa au kuachwa?

"Kila mchaniko lazima ushonwe." Hapana. Msamba, sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukichanika wakati wa kujifungua, mchaniko hupangwa kwa madaraja manne. Wa daraja la kwanza umegusa ngozi tu. Kingo zikikutana zenyewe na damu haitoki, mkunga anaweza kuuacha upone.

"Basi mwili hujiunga wenyewe, sindano ya nini?" Utalisikia kwa mama wakwe kuanzia Igoma, Mwanza, hadi Nansio, Ukerewe, na kwa kuwa nusu yake ni kweli, ni gumu kuling'oa. Daraja la pili limefika kwenye misuli. Tafiti zilizolinganisha walioshonwa na walioachwa ni chache na ndogo: maumivu hayakutofautiana sana, ila vidonda vilivyoshonwa viliungana mapema zaidi. Ndiyo maana misuli hushonwa, kwa ganzi. Ngozi ya juu ikikutana yenyewe baada ya hapo, si lazima iguswe.

"Kupimwa kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa ni udhalilishaji." Mama aelezwe na aombwe ruhusa kwanza, hiyo ni haki yake. Lakini bila kipimo hicho, daraja la tatu, lililokata msuli unaobana haja kubwa, linaweza kujificha chini ya ngozi inayoonekana nzima. La nne limepasua hadi utando wa ndani wa njia ya haja kubwa.

"Akivushwa kwa boti asubuhi kwenda hospitali, tumeshachelewa." Madaraja haya mawili hayashonwi kitandani zahanati. Yanahitaji chumba cha upasuaji, taa nzuri, ganzi ya mgongo na daktari anayeijua kazi. Damu ikiwa imedhibitiwa, afadhali kungoja saa kadhaa boti itoke kisiwa cha Ukara kuliko kushonwa harakaharaka na asiyejua. Damu ikiendelea kutoka, hakuna kungoja.

"Maji ya moto hukausha nyuzi." Huunguza. Siku mbili za mwanzo baridi ndiyo hupunguza maumivu. Kuoga kwa maji safi kunatosha, na chumvi si lazima. Nyuzi zenyewe kwa kawaida huyeyuka, hazitolewi. Na mzazi ale: kujinyima ugali kwa kuogopa choo hakusaidii, maji mengi na mboga za majani husaidia. Homa, usaha au harufu mbaya ni za kurudi kituoni siku hiyohiyo.

"Upepo wa tumbo kumponyoka mama ni uzazi tu." Dhana hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, maana huwafungia wanawake ndani miaka. Ikiendelea, huenda msuli ulichanika na haukuonekana. Amwone daktari bingwa wa wanawake, hata kama mtoto keshaanza shule.