Je, wajua foklifti ya hidrojeni haichomi hidrojeni?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba foklifti ya hidrojeni ni ndugu wa ile ya mtungi wa gesi: gesi inaingia kwenye injini, inawaka, mzigo unanyanyuka. Nilikosea, na hapa Mwanza nimewasikia wengi wakiamini hivyo hivyo. Ndani yake hamna moto. Hamna pistoni wala plagi. Ni mashine ya umeme mtupu, yenye mota kama ya foklifti ya betri. Kilichobadilika ni kisanduku kinachoilisha umeme, yaani seli ya mafuta (fuel cell; mafuta hapa ni hidrojeni yenyewe), ambayo chimbuko lake ni majaribio ya William Grove wa Wales mwaka 1839.

Kumbuka kivuko cha Kigongo–Busisi kabla Daraja la J.P. Magufuli halijafunguliwa mwaka 2025. Basi likifika, abiria mnashuka. Nyinyi mnapita kwa miguu, basi linapita njia ya magari, kisha mnakutana ng'ambo. Hidrojeni nayo ikifika kwenye platini, metali iliyopakwa ndani ya seli, kila atomu inagawanyika. Protoni ndiyo abiria: inapenya utando ulio katikati. Elektroni ndiyo basi: utando hauipitishi, hivyo inazunguka kwa waya, na kwenye waya huo ndiko mota ilikofungwa. Ng'ambo zinakutana tena, oksijeni ya hewani inazipokea, yanatoka maji na joto. Mfano huu una mpaka: basi lina injini yake, ilhali elektroni inavutwa na oksijeni inayoisubiri.

Huko Marekani, Walmart na Amazon wanazo maelfu. Wanachonunua hasa ni muda. Betri ya madini ya risasi huchajiwa kwa muda wa kama saa 8, kisha iachwe ipoe; tangi la hidrojeni hujaa kwa dakika chache. Na kuna jambo linalonifurahisha sana: betri ile nzito ndiyo pia inayozuia foklifti isipinduke mbele. Ukiiondoa, kisanduku cha seli lazima kiongezewe chuma ili kifidie uzito!

Viwanda vyetu vya minofu ya sangara vina vyumba vya baridi kali, na baridi hudhoofisha betri. Seli hutoa nguvu ileile mpaka gesi ikaribie kuisha, ingawa maji yake yanaweza kuganda, hivyo huhitaji kipasha joto. Ila hidrojeni nyingi duniani bado hutokana na gesi asilia na makaa ya mawe, na kuitengeneza huko humwaga kaboni angani. Ukiitoa kwenye maji kwa umeme, takriban theluthi moja tu ya umeme huo ndiyo inayofika kwenye mota. Betri ya lithiamu hurudisha zaidi ya robo tatu, tena huongezewa chaji wakati wa chai.

Kwa hiyo kwa kiwanda chenye foklifti nne za zamu moja, naona lithiamu ndiyo chaguo. Hidrojeni inalipa pale mashine ni nyingi, zinafanya kazi usiku na mchana, na zote zinarudi kwenye pampu moja.