"Mimi ndivyo nilivyo"

Mimi ni mshauri wa kisaikolojia, na kauli ninayoisikia kuliko zote chumbani mwangu ni hiyo hapo juu. Mtu amesaini mkataba asioridhika nao, au amenyamaza mwenzake akionewa, kisha anaieleza tabia yake kana kwamba ni kimo alichozaliwa nacho. Huwa simbishii papo hapo. Namuuliza alikuwa wapi, na nani, na alikuwa na muda kiasi gani.

Swali la muda nimelipata kwenye jaribio moja la mwaka 1973 la wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson, Marekani. Waliwatuma wanafunzi 40 wa seminari, mmoja mmoja, waende jengo la pili kutoa hotuba fupi. Baadhi walipewa mada ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani walimkuta mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Kati ya walioambiwa kwamba bado wana nafasi, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti ya kutegemewa. Wengine walimruka kabisa yule mgonjwa, wakiwahi kwenda kumhubiri Msamaria.

Ni rahisi kuwaita wanafiki. Mimi siamini hivyo. Maadili walikuwa nayo, ila ile haraka iliwanyima nafasi ya kumtazama mtu vizuri hata dhamiri ikapata la kusema.

Utamaduni nao huingia mapema zaidi, kabla mtu hajajua kwamba kuna uamuzi wa kufanya. Kuna mchezo ambao mmoja hupewa fedha na kutakiwa amgawie mwenzake. Mwenzake akikataa mgao, wote wawili hukosa. Mwanaanthropolojia Joseph Henrich na wenzake waliupeleka katika jamii ndogo 15 duniani. Kwa Waau na Wagnau wa Papua New Guinea likatokea jambo la ajabu: watu walikataa hata migao iliyozidi nusu. Ukiuliza hesabu, huo ni wazimu. Lakini katika jamii hizo zawadi usiyoiomba ni deni, tena deni ambalo aliyekupa hulidai kwa wakati wake na kwa namna yake, na wewe unabaki chini yake. Yeyote aliyewahi kusimangwa kwa fadhila anaelewa vizuri kabisa. Mezani palikuwa na fedha zilezile, lakini wao waliona kitanzi.

Ndiyo maana msemo "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" naukubali nusu. Malezi humpa mtu macho ya kuonea, lakini hayaamui peke yake atakachofanya akishaona.

Mwanasaikolojia Stanley Milgram, alipoanza majaribio yake Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1961, aliwaamuru watu wampige mtu shoti za umeme (za uongo, ila wao hawakujua). Katika toleo maarufu, 26 kati ya 40 walifika mwisho wa kipimo, yaani shoti kali kuliko zote. Hilo hutajwa kila mahali. Ninalolipenda mimi halitajwi sana: washiriki walipoketi na wenzao wawili, waigizaji waliopangwa kugoma katikati, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Maabara ileile, amri ileile.

Simwondolei mtu lawama kwa hayo. Hata katika toleo lile la kwanza, watu 14 waligoma bila msaada wa yeyote. Lakini mteja akiniambia kwamba safari hii atasimama kidete mbele ya bosi wake, simpimi ujasiri. Namuuliza ni nani mwingine atakuwamo kwenye kikao hicho, na kama wameshazungumza.