Moto wa Nyiragongo hauwapashi joto wapandaji

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, wengi huamini kwamba anayepanda volkano ya Nyiragongo hahitaji nguo nzito, kwa kuwa mlima wenyewe una moto ndani na sisi tuko karibu na mstari wa ikweta. Dhana hiyo inaeleweka, hasa kwa mtu aliyezoea kuuona wekundu wa kreta (shimo la kileleni) usiku akiwa mjini, lakini si sahihi.

Kinachoamua baridi ya mlimani ni kimo. Kwa wastani, hewa hupoteza takriban nyuzi 6.5 za selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Mji wetu uko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele kinafikia mita 3,470. Kwa hiyo mchana wenye nyuzi 25 mjini huwa na takriban 12 huko juu, na usiku hushuka zaidi, tena upepo ukivuma ukingoni. Lava, yaani mwamba ulioyeyuka, hata inapokuwepo, iko chini sana ndani ya kreta, na joto lake hupaa na mvuke badala ya kumfikia aliyesimama pembeni.

Jasho nalo huleta hatari isiyotajwa sana. Safari kutoka Kibati, panapoanzia njia ya kupanda, huchukua saa kadhaa, na fulana ya pamba iliyolowa hunyonya joto la mwili mara tu mtu anapopumzika. Sweta ya sufu, koti la mvua na fulana kavu ya kubadilisha (iliyofungwa vizuri katika mfuko wa plastiki, maana Septemba hadi Novemba mvua haibishi hodi) ni mzigo unaostahili kubebwa.