Upepo wa nyuma huwaficha vipepeo wanaohama

Kila nikisikia kwamba vipepeo wanaohama hupenda kuruka kinyume cha upepo, huuliza: walionekana wakiwa kimo gani? Jibu halibadiliki sana. Walipita chini, usawa wa kiuno, au juu kidogo ya vichaka.

Karibu na ardhi upepo hupungua kasi, kwa kuwa nyasi, miti na vilima huuzuia. Ukipanda juu unakuta una nguvu zaidi. Sasa mchukue Vanessa cardui, yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, ambaye katika hewa tulivu huruka mita 5 hadi 6 hivi kwa sekunde. Akikutana huko juu na upepo wa mbisho wa mita 8 kwa sekunde, atapiga mabawa mbele huku akirudi nyuma. Kwa hiyo hushuka hadi pale ambapo kasi yake inaushinda upepo, akajikinga na vichaka na kufuata mabonde. Upepo ukigeuka ukawa wa nyuma, hupanda. Mita zile 8 sasa zinajumlishwa na zake 5, naye anakwenda kilomita 47 hivi kwa saa, pengine mamia ya mita juu ya kichwa chako, na wewe huoni kitu.

Basi tunaowahesabu kwa macho ni hasa wale waliobanwa na upepo. Uingereza jambo hili lilizaa fumbo la miaka mingi: V. cardui walionekana wakiingia kutoka kusini, lakini safari ya kurudi haikuonekana, hata wengine wakaamini kwamba wote hufia kaskazini. Wimbi kubwa la mwaka 2009 lilisaidia kulifumbua. Rada zinazotazama juu zilionyesha kuwa wanarudi kweli, kwa wastani wakiwa zaidi ya mita 500 angani, wakisukumwa na upepo uendao kusini.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo maelezo mengi yanapoteleza. Upepo haumchagulii kipepeo aende wapi. Kwa hilo anatumia jua. Upepo humwamulia aruke kimo gani, na kama aondoke leo au asubiri. Danaus plexippus, kipepeo mwingine anayehama, wa Amerika ya Kaskazini, anayeshuka hadi milima ya Meksiko, hutulia mitini pepo zikiwa mbaya. Hewa baridi ikipita na upepo wa kaskazini ukaanza, huondoka, akipanda na hewa ya moto kisha kuteleza bila kupiga mabawa, ili asimalize mafuta anayohitaji kwa majira ya baridi.

Upepo wa ubavuni ni mgumu zaidi. Tuseme kipepeo wa mita 5 kwa sekunde anakwenda kusini, na upepo wa mita 3 unavuma kutoka magharibi. Ili asipotoke lazima aelekeze kichwa magharibi kwa nyuzi 37 hivi, kama mpiga kasia anayevuka mto wenye mkondo, na kasi inayombakia ni mita 4. Upepo ukizidi mita 5, hakuna pembe itakayomwokoa. Watafiti Robert Srygley na Robert Dudley waliwafuata vipepeo kwa boti katika ziwa Gatún, Panama, wakaona kipepeo aitwaye Aphrissa statira akifanya marekebisho ya namna hiyo juu ya maji. Si kazi ndogo, maana ili ujue unasukumwa pembeni unahitaji kuona kitu kisichosogea.

Baharini kitu hicho hakipo. Oktoba 2013, V. cardui waliochoka walikutwa ufukweni Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini, ambako spishi hii haiishi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulihitimisha kuwa walitoka Afrika Magharibi, wakavuka Atlantiki kwa siku 5 hadi 8, kilomita 4,200 au zaidi, wakibebwa na pepo za biashara, zile zivumazo karibu daima kuelekea magharibi juu ya bahari hiyo. Bila upepo, mafuta ya mwilini yangewafikisha kilomita 780 tu.