Kurekodi dramu kwa maikrofoni chache: maana yake na namna inavyofanyika

Kurekodi dramu kwa maikrofoni chache ni utaratibu wa kunasa sauti ya seti nzima ya dramu kwa maikrofoni moja hadi nne, badala ya kuipa kila ngoma na kila toazi maikrofoni yake. Hapa seti huchukuliwa kuwa ala moja, na maamuzi ambayo fundi angeyafanya baadaye kwenye mikisa (mtambo wa kuchanganya sauti), kama vile snea, ile ngoma ya mlio mkali yenye nyaya chini yake, isikike kwa kiasi gani ikilinganishwa na tomu, zile ngoma zisizo na nyaya, hufanywa mapema kwa kuchagua mahali pa kuweka maikrofoni. Kwa hiyo mzigo mkubwa unabaki kwa mpiga dramu mwenyewe, kwani akiyapiga matoazi kwa nguvu kuliko ngoma, hakuna kitufe kitakachoyashusha peke yake.

Mfano unaojulikana zaidi ni ule unaobeba jina la Glyn Johns, fundi sauti Mwingereza aliyerekodi bendi za Rolling Stones, The Who na Led Zeppelin. Maikrofoni ya kwanza hutundikwa juu ya seti, yapata mita 1 kutoka kwenye snea, ikitazama chini. Ya pili husimamishwa upande wa tomu ya sakafuni, juu kidogo ya ukingo wake, na kuelekezwa kwenye hihati (matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu) ili iipitie snea. Ya tatu hukaa mbele ya ngoma ya besi, na fundi akiona snea imefifia huongeza ya nne karibu nayo. Sharti lisiloepukika ni kwamba zile mbili za kwanza ziwe na umbali sawa kutoka katikati ya snea.

Sababu ya sharti hilo inafaa kuelezwa vizuri, kwa maana ndiyo kiini cha utaratibu wote. Katika hewa yenye joto la nyuzi 20 za Selsiasi, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo tofauti ya sentimita 34 kati ya maikrofoni mbili huchelewesha pigo kwa milisekunde 1. Wimbi la hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, ambalo liko katika eneo linaloipa snea uzito wake, lina urefu wa karibu mita 1.7. Ikiwa maikrofoni moja iko mbali zaidi ya nyingine kwa nusu ya urefu huo, yaani sentimita 86 hivi, kilele cha wimbi katika moja hukutana na bonde katika nyingine, na zinapochanganywa hupunguzana nguvu. Kila maikrofoni ikisikilizwa peke yake ni nzuri, lakini zikiunganishwa snea inasikika nyembamba na kavu. Kasoro hiyo haitibiwi kikamilifu kwa kuongeza besi kwenye mikisa, kwa sababu kilichokwisha kufutana hakipo tena cha kuongezwa.

Dawa yake ni kipande cha uzi. Msaidizi hushikilia ncha moja katikati ya ngozi ya snea, uzi ukavutwa hadi kwenye kichwa cha maikrofoni ya kwanza na kufungwa fundo hapo, kisha ukazungushwa hadi kwa ya pili, ambayo husogezwa mpaka iguse fundo. Baada ya hapo zote husikilizwa kwa pamoja kupitia spika moja, huku swichi ya polariti ya maikrofoni ya ngoma ya besi, inayogeuza vilele vya wimbi kuwa mabonde, ikibonyezwa huku na huku. Upande unaotoa besi nzito zaidi ndio wa kuchagua. Kusogeza stendi kwa sentimita 10, kwa maoni yangu, hubadilisha mengi kuliko kununua maikrofoni ya bei kubwa.

Chumba nacho kimo ndani ya rekodi. Dari likiwa chini, mwangwi wake huifikia maikrofoni ya juu karibu sawia na pigo lenyewe na kuyafanya matoazi yawe makali. Afadhali maikrofoni ishushwe na zulia litandikwe chini ya seti.

Utaratibu huu haufai pale ambapo kila ngoma inapaswa kuhaririwa peke yake. Kwingineko, mwenye maikrofoni mbili tu aiweke moja juu ya snea na nyingine kwenye ngoma ya besi: atakosa upana wa kushoto na kulia, lakini uzito wa seti ataupata.