Je, wajua kwa nini “git push” moja ilianza kufanya mambo mawili?

Toleo la 2.0 la Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, lilipotoka Mei 2014, watu wawili waliozoea kuandika “git push”, amri ya kutuma kazi yako kwenye seva, bila nyongeza yoyote na kupata matokeo yaleyale waliweza, baada ya kusasisha programu, kupata matokeo tofauti.

Kwa muda mrefu niliamini, na kuwaeleza wengine bila kusita, kwamba chaguo-msingi ni thamani ambayo programu huiandika kwenye faili la mipangilio siku inaposakinishwa, na kwamba kwa kuwa faili hilo haliguswi wakati wa kusasisha, mazoea yako hayaguswi pia. Sivyo. Fungua .gitconfig, faili la mipangilio yako ya Git, utafute push.default, mpangilio unaoamua “git push” itume nini: haimo, isipokuwa kama uliiandika mwenyewe. Chaguo-msingi si maandishi, bali ni kile ambacho programu hufanya inapokosa maandishi. Git huangalia mipangilio ya mfumo, ya mtumiaji, kisha ya hifadhi yenyewe (folda ya mradi na historia yake), na isipopata neno popote hufuata desturi iliyomo ndani ya msimbo wake.

Ifananishe na tarishi. Bahasha yenye anwani ataifikisha ilikoandikiwa, hata ofisi yake ikibadilisha taratibu mara kumi. Isiyo na anwani huipeleka kwa desturi ya ofisi, na desturi ikibadilika, bahasha ileile hufika kwingine. Aliyekuwa ameandika kwa mkono wake “matching”, desturi ya kabla ya 2.0, kama thamani ya push.default alikuwa na anwani, ingawa hadi jana bahasha yake ilifika palepale ilipofika ya mwenzake.

Desturi hiyo ya “matching” ilituma matawi (mikondo ya kazi inayokwenda sambamba) yote yenye majina yanayolingana huku na kwenye seva; “simple”, iliyoirithi, hutuma tawi ulilomo tu. Ukiongeza --force, inayoilazimisha seva kupokea ulichotuma hata kikifuta kilichopo, chini ya desturi ya zamani kwa nia ya kurekebisha tawi lako dogo, nakala yako ya tawi kuu uliyoisahau kwa wiki mbili iliweza kufunika kazi ya wenzako.

Si kila chaguo-msingi ni tarishi, lakini. Jina la tawi la kwanza huandikwa ndani ya hifadhi siku inapoundwa, kwa hiyo init.defaultBranch, mpangilio wa kuchagua jina hilo, uliokuja na toleo la 2.28 mwaka 2020, haubadilishi hifadhi za zamani. Hapo imani yangu ingekuwa karibu na ukweli.

Kabla ya 2.0, Git ilimwonya kila ambaye hakuwa amechagua, na onyo lilinyamaza mara tu alipoandika thamani yoyote, hata ile ya zamani. Waliolinyamazisha kwa “matching”, na ambao huhamisha .gitconfig yao kutoka kompyuta moja hadi nyingine, bado wanatuma matawi yao yote yanayolingana kama mwaka 2013.